Barabara mbovu: namna ya kuandika lalamiko litakalofanyiwa kazi

"Barabara mbovu jamani, serikali ituangalie." Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu ya madereva kila wiki, na sidhani kama umewahi kuziba shimo hata moja. Tatizo lake si uongo. Tatizo ni kwamba hauna anwani. Meneja wa barabara akiusoma hajui ni barabara ipi, kilometa ya ngapi, ubovu wa aina gani, wala kama barabara yenyewe ni yake au ya mwenzake. Mhandisi anafanya kazi kwa hati ya kazi, na hati hiyo lazima itaje mahali, aina ya ubovu na kiasi chake. Ukimletea vitu hivyo vitatu umemsogezea nusu ya kazi. Ukimletea hasira peke yake, atakupa pole.

Mwongozo huu ni wa dereva wa Tanzania Bara, awe wa semi, basi, daladala au gari dogo. Mifano mingi nitaitoa kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ile T1, kwa sababu ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo na inalalamikiwa sana.

Kwanza: je, ni hatari ya leo?

Kama kalavati limeanza kumeza udongo, daraja limepata ufa, lori limelala kwenye kona au nguzo ya umeme imeanguka barabarani, achana na barua. Piga 112, au mjulishe trafiki wa kituo kilicho karibu, kisha mpigie Meneja wa TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) wa mkoa huo. Taja mahali kabla hujaanza kueleza kilichotokea, maana simu zinakatika.

Kabla ya kupiga simu, waokoe wanaokuja nyuma yako. Taa za hatari, pembetatu mbele na nyuma, utingo asimame mbali akiwa na tochi mkononi. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatupa lamini kuonyesha kuna gari bovu yanasaidia mchana. Usiku, kwenye mteremko wa Kitonga, dereva anayeshuka na mzigo atayaona akiwa tayari yuko juu yake. Na ukiondoka, yaondoe. Rundo la matawi makavu lililoachwa katikati ya njia ni ubovu mwingine wa barabara, na huo tumeuleta sisi wenyewe.

Jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapofia. Barabara kuu na barabara za mikoa, kwa jumla takriban kilometa 36,000, ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mitaa ya mjini na za vijijini, zaidi ya kilometa 144,000, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukipeleka shimo la mtaani kwenu kwa TANROADS utajibiwa kwa heshima kwamba si lao, na utakuwa umepoteza wiki mbili. Barabara zenye namba inayoanza na T ni kuu, zenye R ni za mkoa, na zote hizo ni za TANROADS. Ukiwa na mashaka, ofisi ya TARURA ya wilaya itakuambia kwa simu moja, kwa sababu hakuna ofisi inayopenda kubebeshwa shimo la mwenzake.

Jambo la pili ni mkoa. T1 ina urefu wa zaidi ya kilometa 900 na inapita mikoa saba: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Kila mkoa una meneja wake na bajeti yake. Ubovu wa Mlima Iyovi unakwenda Morogoro. Wa Mtandika unakwenda Iringa, ingawa kwa dereva hiyo ni safari moja ya asubuhi. Wa Makambako ni wa Njombe, wa Igawa ni wa Mbeya, na wa Vwawa ni wa Songwe.

Kama kipande hicho kina mkandarasi anayejenga au kupanua, tafuta bango la mradi na ulipige picha. Linataja mwajiri, mkandarasi na mhandisi mshauri. Vumbi la mchepuko, mawe yaliyomwagwa bila taa, kona ya muda isiyo na kibao: haya mpelekee mhandisi mshauri, nakala kwa meneja wa mkoa. Mkandarasi anamwogopa mhandisi mshauri kwa sababu yeye ndiye anayethibitisha malipo yake. Na hata mradi ukikabidhiwa, huwa kuna kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, ambapo ubovu unaotokana na ujenzi unarekebishwa kwa fedha za mkandarasi. Lami mpya ikianza kufumuka, andika haraka kabla kipindi hicho hakijaisha, maana kikipita gharama inarudi kwa mlipa kodi.

Taja mahali kiasi kwamba mgeni anaweza kufika

Kuna vibao vya kilometa pembeni mwa barabara kuu. Tumia kilicho karibu zaidi na ubovu. Kama kimeng'olewa au kimefunikwa na majani, chagua kitu kisichohama (daraja lenye jina, mizani, kituo cha mafuta, njiapanda), rudisha kisoma safari cha gari kwenye sifuri ukiwa hapo, kisha hesabu. "Kilometa 4.3 kutoka daraja la Ruaha Mbuyuni ukielekea Iringa, upande wa kushoto" ni mahali. "Ukipita Ruaha Mbuyuni hapo mbele" si mahali.

Ongeza pini ya ramani kutoka kwenye simu, lakini usiitegemee peke yake. Inaweza kukosea mita kadhaa na isionyeshe upande. Daima sema upande, na sema unaelekea wapi. Kushoto kwako ukitoka Dar ni kulia kwa anayetoka Tunduma.

Eleza ubovu kama fundi, si kama mwathirika

Hapa kaa muda mrefu kidogo, kwa sababu aina ya ubovu ndiyo inayoamua fungu la fedha. TANROADS wanagawa kazi zao katika matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalum, matengenezo ya sehemu korofi na matengenezo ya madaraja. Shimo moja ni kazi ya kawaida, na gengi la barabara linaweza kulimaliza kwa siku moja. Kilometa tatu za lami iliyojikunja ni kazi ya muda maalum, inayohitaji kuingizwa kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1. Ukiomba viraka mahali panapohitaji lami mpya utapewa viraka, na masika ijayo utaandika barua ileile.

Shimo: pima urefu, upana na kina. Tepu ya fundi cherehani inatosha, na ukiikosa, weka chupa ya maji ya nusu lita ndani ya shimo na upige picha. Sema kama liko kwenye njia ya matairi au katikati. Kisha eleza jambo ambalo madereva wengi hawalitaji: je, liliwahi kuzibwa likarudi? Shimo linalorudi mahali palepale kwa kawaida lina maji chini yake. Angalia mtaro wa pembeni. Ukiukuta umejaa mchanga, au mwenye duka ameufukia ili apate njia ya kuingilia, liandike hilo. Hapo unachoomba ni mtaro uzibuliwe kwanza, kiraka baadaye.

Lami iliyojikunja: ni ile mifereji miwili inayochimbwa na matairi ya malori, hasa kwenye vilima na kwenye foleni za mizani, ambako gari zito linakwenda polepole huku lami imeiva kwa jua. Gari dogo likiingia humo linavutwa stelingi, na mvua ikinyesha maji yanakaa na tairi linaelea. Ili kupima, laza fimbo iliyonyooka kukatisha mfereji, kisha pima kutoka kwenye fimbo hadi chini. Sentimita mbili zinatosha kushika maji. Sentimita tano ni hatari kwa pikipiki na magari madogo.

Na hapa tuambiane ukweli. Mifereji hii ni kazi ya mkono wetu pia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ukiifikisha ekseli hiyo tani 12, lami haiumii kwa moja ya tano zaidi tu. Wahandisi hukokotoa madhara kwa kipeo cha nne cha uzito, yaani uzito mara uzito mara uzito mara uzito, kwa hiyo yanazidi maradufu. Dereva anayepita mizani kwa ujanja leo anaandika lalamiko la mwakani. Sisemi usilalamike, ila barua inayoomba pia mizani isimamiwe vizuri inasomwa kwa jicho jingine.

Kingo zilizomeguka: hili linaua pia, na halilalamikiwi sana kwa sababu halivunji rimu kila siku. Lami imekatika pembeni, bega la barabara limeshuka, na tairi likitoka nje haliwezi kurudi bila kukata stelingi kwa nguvu. Basi linapopishana na lori mahali kama hapo, mmoja hana pa kwenda. Pima kushuka kwa bega kwa sentimita na upana wa lami uliobaki, kisha taja urefu wa kipande chote.

Kalavati na daraja: angalia pande zote mbili, si juu tu. Dalili za kuandika ni ufa unaokatisha barabara sambamba na kalavati, udongo ulioanza kuliwa nyuma ya ukuta, maji yanayopita pembeni ya bomba badala ya ndani yake, na magogo yaliyoziba mdomo. Machi 2020 daraja la Kiyegeya lilikwenda na maji, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kusini, barabara ya Lindi ilikatika Somanga na mabasi yakalala njiani. Mafuriko makubwa hayazuiliwi na barua, lakini kalavati lililoziba tangu Oktoba linaweza kuzibuliwa kabla ya mvua.

Vibao na vyuma: kingo za chuma za kona hung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Taja idadi ya vipande vinavyokosekana na upande wa bonde. Tuta lisilo na rangi wala kibao liandike kwa mahali tu, na urefu wake kwenda juu ukiweza.

Picha

Simamisha gari mahali salama kabisa, hata kama ni nusu kilometa mbele, kisha rudi kwa miguu. Dereva haendeshi huku anapiga picha. Hiyo ni kazi ya utingo au konda. Picha tatu zinatosha: moja ya mbali ionyeshe barabara na alama ya kudumu, moja ya karibu yenye kipimo ndani yake, na moja ionyeshe magari yanavyokwepa. Hii ya tatu ndiyo yenye nguvu. Mhandisi akiona basi limehamia upande usio wake ili kukwepa shimo, haelezwi tena kuhusu hatari.

Usipige picha za maiti wala majeruhi, na usitume video ya ajali ya mwaka jana ukisema ni ya leo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo, na picha moja ya zamani inatosha kuifanya barua yako yote ionekane ya uchochezi.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Ruka ile "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa sababu kichwa cha habari kilichoandikwa vizuri hakihitaji kutambulishwa. Maelezo yaliyo hapa ni ya kubuni, yakuonyeshe umbo tu:

Meneja wa Mkoa,
TANROADS, Iringa.

YAH: KINGO ZA LAMI KUMEGUKA, BARABARA KUU T1, KATI YA MTANDIKA NA MLIMA KITONGA

Mimi ni dereva wa semitrela ninayepita barabara hii kila wiki. Kilometa 2.6 kutoka kituo cha mabasi Mtandika kuelekea Iringa, upande wa kushoto, kingo ya lami imemeguka kwa urefu wa mita 80. Bega limeshuka sentimita 18 na lami iliyobaki ina upana wa mita 5.4. Magari mazito hayawezi kupishana hapo bila moja kusimama. Mtaro wa upande huo umejaa udongo na maji yanapita juu ya bega.

Naomba: (1) kibao cha tahadhari na koni ziwekwe ndani ya wiki hii, (2) mtaro uzibuliwe, (3) kingo na bega vijengwe upya, (4) nijulishwe kwa maandishi kazi hii imepangwa lini.

Nimeambatisha picha tatu na pini ya ramani. Jina, simu, sahihi, tarehe.

Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Kilolo, RTO (Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa), Iringa.

Ombi la kwanza lina maana yake. Kibao na koni havihitaji zabuni. Ofisi ikikubali dogo, imekiri kwamba kubwa lipo. Barua ipeleke masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama uko mbali, tuma kwa barua pepe kisha upige simu uulize namba ya kumbukumbu. Ongea kistaarabu na karani: "Shikamoo mama, nilileta barua ya tarehe nane kuhusu Mtandika, naomba kujua iko kwa nani sasa." Karani wa masjala ndiye anayejua faili lilipo, na ukimjibu vibaya faili litakaa chini.

Njia nyingine ni e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, unaoingia pia kwa *152*00#. Faida yake ni kwamba lalamiko linaacha alama unayoweza kuifuatilia. Mimi ningetumia vyote viwili.

Foleni si shimo

Foleni ina wenye nayo kadhaa, na kosa ni kuilalamikia kwa jumla. Foleni ya mizani, kama Vigwaza, Mikese au Mpemba, ni ya TANROADS. Ya kizuizi cha ukaguzi ni ya polisi. Ya Tunduma mpakani inaweza kuwa ya forodha, ya upande wa Nakonde, au ya wakala wako ambaye hajamaliza nyaraka, ingawa kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza usumbufu huo.

Silaha hapa ni saa. Andika ulipoingia mwisho wa foleni, ulipofika mlangoni, ulipotoka, na mizani ngapi zilikuwa zinafanya kazi. Karatasi ya dereva mmoja ni lawama. Karatasi za madereva ishirini wa wiki moja ni ushahidi, na huo uwasilishwe na chama. Wamiliki wa malori wana TATOA na TAMSTOA, mabasi yana TABOA. Mwambie bosi wako apeleke, maana siku mbili za foleni ni hasara yake kuliko yako.

Wakikaa kimya

Subiri wiki mbili, kisha andika barua ya kukumbushia, fupi, ikitaja namba na tarehe ya ile ya kwanza. Usianze lalamiko jipya, maana litafunguliwa faili jipya.

Baada ya hapo panda ngazi. Kwa uzoefu wangu ngazi yenye faida kubwa ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo wengi hawaijui. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, katibu ni Meneja wa TANROADS, na wabunge wa mkoa ni wajumbe. Humo ndimo barabara zinapopangwa na kuombewa fedha. Mpe mbunge au Mkuu wa Wilaya nakala ya barua yako yenye muhuri kabla ya kikao, umwombe aiulize humo. Meneja akiulizwa kwa namba ya kumbukumbu mbele ya Mkuu wa Mkoa, anajibu kwa tarehe. Kwa kazi kubwa, ombi lako liwe limefika kabla ya Desemba, kwa sababu bajeti ya Julai huanza kuandaliwa miezi mingi mapema. Picha za maji yaliyotuama wakati wa mvua zihifadhi kwa ajili ya wakati huo. Kiangazi kila barabara inapendeza.

Unaweza pia kuiandikia Bodi ya Mfuko wa Barabara, inayosimamia tozo ya mafuta. Wewe ni mchangiaji kila unapojaza tangi. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo dereva wa bodaboda anayeuliza TARURA imefanya nini mtaani kwao anauliza habari za fedha yake.

Ukitaka kujua kama kipande chako kimo kwenye mpango wa mwaka huu, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Swali liwe dogo: "Je, kipande cha kilometa kadhaa hadi kadhaa kimetengewa fedha mwaka huu, na mkandarasi ni nani?" Ukinyimwa bila sababu, au ukizungushwa miezi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya utendaji mbovu wa ofisi za umma bila malipo.

Kama barabara imeharibu gari au imejeruhi mtu

Usiondoe gari kabla ya kupiga picha tairi likiwa kwenye shimo, isipokuwa linahatarisha wengine. Ripoti polisi siku hiyohiyo, upate taarifa ya ajali na ya ukaguzi wa gari. Majeruhi apate PF3. Tunza risiti za EFD za matengenezo, si zile za kuandika kwa mkono. Bima kubwa inaweza kulipa gari lako. Bima ya mtu wa tatu hailipi rimu yako, hata ukibishana nao mpaka jioni.

Kuidai fidia serikali kunawezekana, lakini kuna masharti. Lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa shokapu mbili sikushauri, gharama za wakili zitazidi shokapu. Kwa tela lililoanguka na mzigo, au kwa mtu aliyepoteza mguu, muone wakili mapema na umpelekee ile barua yenye muhuri, yako au ya dereva mwingine. Barua hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ofisi ilijua kuhusu ubovu huo kabla ya ajali, na kwa muda gani.